Wati Sifuri, Mapigo 171

Kwenye usukani wa baiskeli yangu kuna kiskrini kidogo, na ndani yake namba mbili ambazo hazielewani. Ya kwanza ni wati, yaani nguvu ninayoweka kwenye pedali sekunde hii. Ya pili ni mapigo ya moyo kwa dakika. Naskia kule Iten ama Kikuyu, asubuhi ya baridi, namba hizi hutembea pamoja kama marafiki wa shule. Hapa Garissa zinatoka nyumbani pamoja saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa moja na nusu kila moja imeshika njia yake.

Nianze na wati kwa sababu ndizo rahisi. Mkono wa kushoto wa pedali zangu umegandishwa kifaa kidogo kama kiberiti. Ndani yake kuna vipande vinavyohisi vile chuma kinapinda ukikanyaga. Kinapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona, lakini kinapinda. Kifaa kinachukua huko kupinda, kinazidisha na kasi ya miguu, kinakupa namba. Aliyeanza biashara hii ni injinia Mjerumani, Ulrich Schoberer, mwaka 1986. Kabla yake mwendeshaji alikuwa na saa, kilomita, na mdomo wa kocha.

Moyo ulipimwa mapema kidogo. Kampuni ya Kifini, Polar, ilitoa mwaka 1982 kipimo cha moyo kisicho na waya: mkanda unaouzungusha kifuani, unasikiliza umeme ambao moyo hutoa kila ukipiga, halafu unaurushia saa ya mkononi. Mikanda ya siku hizi ni midogo na mepesi, lakini kazi ni ileile na mahali ni palepale, chini kidogo ya matiti, ngozi kwa ngozi. Ushike hapo kwa huo mkanda. Utarudi.

Vyote viwili nilitumiwa na ina adeer aliye Minneapolis, baada ya yeye kununua vipya. Bei ya dukani ni kodi ya miezi kadhaa ya nyumba kama yetu hapa Bula Iftin, kwa hivyo tusiongee bei ya dukani. Nilipeleka baiskeli kwa fundi karibu na Soko Mugdi anifungie. (Iftin kwa Kisomali ni mwanga na mugdi ni giza, kwa hivyo kila siku natoka mwangani kwenda gizani kununua maziwa ya ngamia. Nimezoea huo mzaha, ruka.) Fundi akageuza kile kifaa, akakipiga kucha.

"Kinaongeza mwendo?"

"Hapana, kinapima tu."

"Kinapima nini?"

"Vile nimetumia nguvu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Kwani ukichoka, hujui umechoka?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu mchezo huu, na jibu ni kwamba hujui. Si kwa uhakika. Mwili huwa unasema umechoka wakati umeboeka, na unasema uko sawa dakika 20 kabla ya kukuangusha. Ndio maana wenye mchezo walitafuta kitu wanachokiita kizingiti: kiwango cha juu kabisa cha nguvu ambacho mtu anaweza kukishikilia kama saa nzima bila kufa. Mtihani wake wa kawaida ni dakika 20 za kukanyaga hadi utamani kulia, unachukua wastani, unatoa asilimia 5. Mimi nilipata wastani wa wati 211, kizingiti kikawa 200. Nina kilo 58, kwa hivyo ni wati 3.4 na ushee kwa kila kilo yangu.

Ili ujue niko wapi kwenye ulimwengu: Agosti 2015 Chris Froome aliingia maabara moja London wakampima, akatoka na kizingiti cha wati 419, akiwa na kilo karibu 70. Karibu 6 kwa kilo. Huyu ni mtu aliyezaliwa Nairobi 1985, akakaa chini ya mikono ya David Kinjah kule Kikuyu, halafu akashinda Tour de France mara nne kwa jina la Uingereza. Watu walimcheka sana kwa kuendesha akiwa ameinamia kiskrini chake kama mtu anayengoja meseji ya M-Pesa. Mimi namwelewa. Ukishaanza kuziona zile namba ni ngumu kuangalia mti.

Na kwa vile tunataja wakubwa: Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani mwaka 2024, hooyo, ambaye hadi leo hajui baiskeli ina gia, aliangalia simu yangu akauliza, "Huyu ni wa kwetu?" Nikamwambia ni jirani. Akasema uso ule ni wa kwetu, basi, akarudi jikoni.

Sasa joto.

Mwili wa binadamu ni jiko la hasara. Kati ya nishati yote unayochoma, robo hivi ama chini ya hapo ndiyo hufika kwenye pedali. Nikikanyaga wati 140, ambazo kwangu ni mwendo wa kuongea bila kuhema, wati nyingine zaidi ya 400 zinageuka joto ndani yangu, na hilo joto lazima litoke. Ulaya linatoka lenyewe. Garissa tuko kama mita 150 tu juu ya bahari, mbali na upepo wake, na mchana hewa huwa nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Kwa hivyo damu inagawanywa. Misuli inataka, ngozi nayo inataka ili ipoze, na jasho linazidi kunywa maji ya damu yenyewe. Kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo kuliko lile la mwanzo, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi. Wati 140 zilizonigharimu mapigo 132 saa kumi na moja na robo zinanigharimu 151 saa moja na nusu. Barabara ni ileile, tambarare kama meza, maana ukitoka hapa mlima utauona ukikaribia Mwingi.

Ndio sababu ya kutaka namba zote mbili. Wati zinakwambia umefanya nini. Moyo unakwambia umelipa ngapi. Mtu akifundishwa kwa moyo peke yake hapa kwetu, atakuwa anapunguza mwendo kila jua likipanda na kudhani amezeeka. Akifundishwa kwa wati peke yake atajilazimisha namba ya alfajiri saa tatu asubuhi, na atapatikana chini ya mti wa mgunga akiongea na mbuzi.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Ukiusumbua na joto kila siku kwa wiki moja au mbili, unaongeza maji kwenye damu, unatoa jasho mapema, na moyo unashuka tena kwa kazi ileile. Timu kubwa za Ulaya siku hizi hukaa saunani ama huendesha baiskeli ndani ya nyumba wakiwa wamevaa makoti, kusudi wapate hayo mambo. Manze, watu wanalipia! Sisi tumepewa bure tangu kuzaliwa na bado hatujajua vile tutaiuza.

Kuna pia ile hesabu ya 220 kutoa umri, unayoikuta imebandikwa ukutani kwenye jimu za Nairobi. Ilienea kutoka miaka ya 1970, na walioitoa walichora tu mstari wa macho juu ya data za watu wengine. Mwaka 2001 ikaja nyingine, 208 kutoa asilimia 70 ya umri wako. Kwa miaka yangu 26 ya kwanza inasema moyo wangu mwisho ni 194, ya pili inasema 190. Moyo wenyewe, siku ya mtihani, ulifika 201 ukakaa hapo sekunde kadhaa bila aibu. Kila mtu ajipime mwenyewe.

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, mwezi ambao hata punda wa kubeba maji hutafuta kivuli. Niliendesha saa moja kabla ya futari, wati 120 tu, bila tone tangu daku. Wiki ya kwanza moyo ulikuwa 155 kwa kazi ambayo kawaida ni 125. Nikaandika kwenye daftari kila siku. Kufikia kumi la mwisho ilikuwa 143. Sijui ni ngapi ya hiyo ilikuwa mwili kuzoea na ngapi ilikuwa utulivu wa zile siku, lakini najua kwamba dakika 10 za mwisho kabla ya adhana, ukirudi mjini na harufu ya sambusa inatoka kila nyumba, moyo hupanda bila wati kuongezeka hata moja. Tamaa nayo inapimika.

Wakati mwingine nikiwa peke yangu huko nje nafanya hesabu za kijinga. Kaunti yetu ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Megawati 50 gawanya kwa wati zangu 140: ni watu 357,000 kama mimi, wote wakikanyaga bila kupumzika. Sensa ya 2019 ilitupata 841,353 kaunti nzima. Kwa hivyo tukikanyaga karibu nusu yetu, akina mama na wazee ndani, tunatoshana na jua. Na stima ingepotea tu vilevile wakati wa mechi, nyinyi mnajua.

Njia yangu ya katikati ya wiki ni kilomita 40, kwenda 20 na kurudi. Kilomita ya 9 kuna kizuizi, sitasema kipi. Kwenda huwa ni giza bado, wananimulika, wananijua, wanapunga. Wakati wa kurudi kizuizi kinakuwa kilomita ya 31.

Jumanne moja mwezi wa Juni walikuwa wamebadilishwa. Jua limetoka, mimi nimefungua zipu ya jezi hadi tumboni kwa sababu ya joto, na mkanda uko wazi kifuani, mweusi, na kile kidude katikati.

Kama wewe si wa huku, wacha nikueleze kwa nini hiyo picha ni mbaya. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na waliowaua walikuja na mabomu mwilini. Nilikuwa na miaka 16. Baadaye ikaja kafyu, jioni hadi asubuhi. Na barabara hizi za kwetu zimelipua magari ya polisi zaidi ya mara moja. Kijana aliyesimama pale na bunduki anajua majina ya wenzake waliokufa. Upande wetu wazee nao wana hesabu zao, Bula Kartasi, Novemba 1980, wakikuhadithia wanashusha sauti hadi leo. Kwa hivyo asubuhi ile palikuwa na woga wa pande mbili, na katikati mimi na suruali ya kubana.

"Wewe warya! Simama! Shuka pole pole."

Nikashuka.

"Mikono juu. Hiyo ni nini kifuani?"

"Afande, inapima moyo."

"Moyo uko na nini?"

"Hauna kitu, afande. Ni ya mazoezi."

"Kitambulisho."

"Kiko mfuko wa nyuma." Jezi za baiskeli, kama hujawahi kuvaa, mifuko yake yote iko mgongoni.

"Usiguse nyuma!"

Basi tukakwama hapo. Kitambulisho kiko mahali ambapo mkono haukubaliwi kwenda. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mwandishi. Wa wapi? Wa kujitegemea. Akarudia "wa kujitegemea" kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. Zamani ningetoa kadi ya mwanafunzi. Ile kadi ilikuwa na nguvu. Ukiitoa, sauti ya mtu inashuka, unakuwa mtoto wa mtu anayesoma. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo, na ile kadi ilikwisha muda wake ndani ya droo. Tangu siku hiyo kwenye barabara mimi ni uso wangu tu.

Akaniambia nivue ule mkanda. Halafu akaniambia nisiuguse. Nyuma yake mwenzake alikuwa amerudi hatua nyingi sana. Mikono yangu ilikuwa juu na ilikuwa inaanza kutetemeka, na mtu anayetetemeka pale anaonekana kama mtu mwenye sababu ya kutetemeka.

Aliyetuokoa sote alikuwa afande mzee, alitoka kibandani na kikombe cha chai. Akaangalia mkanda, akaangalia baiskeli, akaangalia miguu yangu.

"Hii si ni kama ya Kipchoge?"

"Ndio mzee. Ni kama ya Kipchoge."

"Sasa kijana, mbona hukusema?"

Sikujua kwamba hilo ndilo neno la siri. Akaja mwenyewe, akachomoa kitambulisho changu mfukoni, akakisoma, akakirudisha alikokitoa, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto. Halafu akataka kujua ya kwake. Nikavua mkanda, nikaufuta jasho na shati, akauweka chini ya sare. Mapigo 104, na mtu amesimama tu na chai. Akaniuliza hiyo ni mbaya? Nikamwambia labda ni joto. Akasema, "Joto, eeh," akacheka kidogo, na yule kijana wa bunduki akaangalia upande mwingine. Tukaagana vizuri. Yule mzee alinipa hata maji.

Nyumbani, kiskrini kikatuma faili yenyewe kwenye simu kama kawaida. Kilomita ya 31: dakika 11, wati sifuri, mapigo wastani 163, ya juu 171. Kwa kulinganisha, 171 ndiyo namba ninayoiona nikikanyaga wati 190 nikiuma meno. Programu inayohesabu mazoezi haijui vizuizi. Iliona moyo uko juu, ikazihesabu zile dakika 11 kama kazi ngumu, ikaniongezea alama, ikaniandikia kwamba leo mazoezi yangu yamekuwa na faida.

Ina adeer huziangalia faili zangu kila jioni yake. Ndiye kocha niliye naye. Akatuma sauti: "Walaal, mkanda umekufa kilomita ya 31, si uone mapigo yamepanda na miguu imesimama? Futa hicho kipande, kitakuharibia wastani wa wiki."

Nikamjibu mkanda uko sawa.

Akakaa kimya hadi kesho yake. Halafu ikaingia picha ya skrini, bila neno lolote. Ilikuwa faili yake mwenyewe ya mwaka 2020, barabara ya Minneapolis, dakika 14. Wati sifuri. Mapigo 158.

Sikufuta. Hesabu ya wiki ile imeharibika kweli, inaonyesha nilifanya kazi kuliko nilivyofanya, na kila nikipanga mazoezi ya mwezi lazima nikumbuke kuitoa kichwani. Hooyo anataka niwe nazunguka hapa ndani ya bula, nyumba hadi msikiti, msikiti hadi nyumba, kilomita ni kilomita. Nimemwambia kuna watoto, kuna punda, kuna mchanga. Amenunua kitambaa akanishonea mfuko mdogo wa mbele kwenye jezi, saizi ya kitambulisho, na uzi mweupe juu ya nguo nyeusi ili mtu auone akiwa mbali.

Mkanda nao siku hizi unatoka nyumbani ukiwa kwenye mkoba wa chini ya kiti. Nikishapita kizuizi nasimama chini ya mgunga, nauvaa, nafunga zipu. Nikirudi nasimama tena palepale, nauvua. Kwa hivyo ukifungua faili zangu utakuta wati kuanzia mlangoni hadi mlangoni, kilomita 40 zote, na mstari mwekundu wa moyo unaanza baada ya kilomita ya 9, na kukatika kabla ya 31. Ina adeer hauliziulizi tena.